Kipande cha Andendekisye

Muhidini Matano aliacha uwakili mjini Iringa mwaka 1954, baada ya miaka saba mahakamani, akawa Mkaguzi wa Bima wa Serikali mjini Mbeya. Sababu yake ilikuwa moja. Wakili humtetea mtu aliyekwisha kudhulumiwa. Mkaguzi anaweza kuizuia kampuni kabla haijadhulumu. Aliamini hivyo kwa miaka miwili, mpaka lilipomfikia jalada la mgodi mmoja wa dhahabu wa Chunya.

Shimo lilikuwa limeporomoka mwezi Machi, likafukia watu watatu. Hawakufukuliwa. Majina yao yalichukuliwa kwenye vipande, zile kadi za kazi walizomwachia karani asubuhi. Kampuni ya bima ilikubali kuwalipa jamaa zao fidia, ikisubiri sahihi ya mkaguzi tu. Lakini mjane wa marehemu Andendekisye alikuwa ameleta cheti cha ndoa chenye jina la mume mwingine, Joachim. Muhidini akamwita ajieleze.

Mjane, Rozalia, alikuja na mtoto mgongoni. Nyuma yake aliingia mwanamume mrefu, kofia mkononi.

"Wewe nani?"

"Andendekisye, bwana."

Muhidini aliweka kalamu chini. "Basi aliyefukiwa ni nani?"

"Mdogo wangu, Joachim. Mume wa huyu."

Kipande kilikuwa na nafasi thelathini, moja kwa kila siku ya kazi, na mgodini pale asiyezijaza kwa muda uliowekwa hakupata mshahara. Andendekisye alikuwa amejaza ishirini na sita aliposhikwa na homa. Joachim akaenda kummalizia nne zilizobaki, kama ndugu walivyofanya siku zote. Alifia kwenye ya pili.

"Niache nimekufa," Andendekisye alisema. "Sina mke, sina mtoto. Kodi nitalipa kwa jina la Joachim. Rozalia apate cha kuwalishia watoto."

"Usimwonee huruma, bwana," Rozalia alimtania shemeji yake. "Hata alipokuwa hai hatukumwona akilima."

Andendekisye alicheka kidogo, akainama.

Muhidini hakucheka. "Siku mtu akikuona sokoni, kampuni itadai fedha zake na huyu mama atafungwa. Iko njia ya kweli. Msimamizi akijua aliyeingia shimoni ni nani, akamruhusu, huyo ni mfanyakazi, kipande kiwe cha nani. Nani alijua?"

"Nyapara Kalinga," alisema Andendekisye. "Wenzangu walinisimulia, alimtania Joachim mbele ya watu wote. 'Andendekisye, homa imekufupisha hivi?'"

"Watu wangapi?"

"Ishirini hivi."

"Basi inatosha."

Rozalia alimtazama. "Na Kalinga asiposema?"

"Watu ishirini walisikia, mama."

Siku hiyohiyo aliandika maelezo yao, akapeleka nakala kwa kampuni kama sheria ilivyomtaka. Kesho yake alikwenda Chunya.

Kalinga, Mhehe wa makamo, alijibu mbele ya karani kwamba asubuhi ile alihesabu vipande, hakutazama nyuso. Katika wale ishirini, kumi na mmoja walikuwa wamemaliza mkataba na kuondoka. Tisa waliobaki hawakukumbuka utani wowote.

Kalinga alimsindikiza mpaka kwenye gari.

"Bwana Mkaguzi, nikisema nilimjua, nimeingiza mtu bila ruhusa ya mzungu. Jioni niko barabarani. Nina watoto watano Nyololo."

"Joachim ana watatu."

"Najua. Mkubwa wao nilimnunulia shati." Alifunga mlango wa gari polepole. "Wewe ukisema kweli unapata mshahara. Mimi nikisema naupoteza. Kazi zetu si moja."

Mahakamani Muhidini angemhoji mtu huyo chini ya kiapo mpaka aseme. Mkaguzi hakuwa na uwezo wa kuapisha shahidi. Alimwandikia wakili aliyeshirikiana naye zamani Iringa, akamwomba aichukue kesi bila malipo. Jibu lilikuja baada ya siku sita: bila Kalinga hakuna kesi, nawe unalijua hilo kuliko mimi.

Barua ya kampuni ilifika wiki hiyohiyo. Ilimshukuru Mkaguzi kwa uangalifu wake. Andendekisye yu hai, kwa hiyo halipiwi fidia. Joachim hayumo katika orodha ya wafanyakazi, kwa hiyo naye halipiwi.

Rozalia alisomewa barua hiyo neno kwa neno.

"Sasa mume wangu alifia wapi?"

"Chunya, mgodini."

"Niandikie hivyo. Fedha basi, sizidai tena. Mama mkwe anasema mwanawe ametoroka, yuko Wenela, anachimba dhahabu kwa Makaburu kule Afrika Kusini. Padre naye hamwombei mtu asiye na karatasi ya kifo. Niandikie tu kwamba alikufa."

Muhidini alipekua jalada mara mbili. Hapakuwa na mwili. Shahidi hakuwepo, wala jina. Alichokuwa nacho ni maneno ya mjane na ya shemeji aliyekubali kudanganya.

"Siwezi, mama."

"Ungetuacha tu," alisema Rozalia. Akambeba mtoto, akatoka.

Kazi moja ilikuwa imebaki. Muhidini alifungua daftari la ajali la mkoa, akautafuta mwezi wa Machi. Palipoandikwa *Waliokufa: watatu*, alipiga mstari wa wino mwekundu, akaandika *wawili*, akatia sahihi na tarehe.