Kiputo cha Kisima cha Saba

...maji ni maji, dada, chota twende, meneja anasema dirishani mwa gari, kiyoyozi kikimpuliza, naye mpimaji wa maji amesimama juani kando ya kisima cha saba akisubiri pampu itoe maji yaliyolala bombani, mara tatu ya ujazo wa bomba ndipo uchote, si mbili, si mbili na nusu, kwa kuwa maji yaliyolala hayasemi kweli, sumu huwa imesharuka kama harufu ya petroli... na huko chini kampuni inachoma makaa ya mawe humohumo ardhini yageuke gesi, eti moto umefungiwa, moto gani unajua mpaka, labda ule wa kwenye brosha yao, penye picha ya mtoto anacheka na glasi ya maji mkononi... mara ya mwisho ulimaliza dakika kumi, dada, na hapo ndipo penye mwiba, mara ya mwisho mwanawe alikuwa na homa, simu inalia, akajaza chupa, akafunga, akaona kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya mtama, akasema aa, kiputo tu, na sumu ikahamia kwenye kiputo, mashine ikasoma safi, na hiyo safi sasa imebandikwa getini kwa kampuni, jina lake chini, shahada na yote, na mama mkwe, anayechota maji bondeni, akamwambia, mwanangu, kama umetia sahihi wewe, mimi nakunywa... anakunywa, ndiyo, asubuhi na jioni anakunywa sahihi ya mkwewe... ukifukua haya ya kisimani, meneja anasema, taratibu, kama daktari wa meno, watafukua na yako, kile kiputo nilikiona, nikakusitiri... kumbe alikiona, mwezi wa tatu huu amekiweka mfukoni kama ufunguo wa akiba, na yeye alivyokuwa akimwona mstaarabu, lo, usomi wangu huu, haya, wafukue, waanze na mimi, na kalamu imeshatoka, kwenye fomu, pale pa maelezo ambapo hakuna anayeandikaga kitu, anaandika, sampuli iliyopita ilikuwa na hewa, matokeo yake hayafai, kosa ni langu, meneja alishuhudia, ndiyo, na wewe umo, bosi, si ulisema ulikiona... honi inalia, pampu inanguruma, ya pili haijaisha, jua palepale, mara tatu, anasema bila kugeuka, nimesema mara tatu.