Udongo ni Udongo

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Twaha, na bila kungoja marahaba akapiga magoti mbele ya jiko na kulimulika kwa simu, kama daktari anayetafuta donda kooni mwa mtoto.

Maharage yalikuwa yanachemka. Mwanahawa alisimama na mwiko mkononi, akimtazama huyu mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemwogesha utotoni kwa mikono yake hiyohiyo, akilizunguka jiko bila simu kupata cha kusoma.

"Halina namba," Twaha alisema.

"Na mimi sina namba. Utanimulika na mimi?"

Hakucheka. Mgongoni mwa fulana yake ya kijani paliandikwa JIKO KESHO, na chini yake, Mlinzi wa Mradi.

"Sheria ndogo imepita kwenye mkutano wa kijiji, mama mkubwa. Nyumba yenye jiko lisilo na namba haina ruhusa ya kuni za msituni. Hizi nazichukua."

"Hizi ni za mkaratusi wangu mwenyewe, hapo nyuma ya choo."

"Simu haijui choo chako kiko wapi."

Akaufunga mzigo nyuma ya pikipiki. Kisha, kwa kuwa sheria ilitaka jiko lizimwe, akachukua kopo la maji ya kunawa na kuyamwaga yote kwenye moto. Jiko likalia tsss, likafuka mvuke hadi darini. Halikupata ufa hata wa kupitisha unywele. Maharage yalibaki nusu mbichi, na Mwanahawa akabaki na mwiko wake.

Jiko lenyewe alilibuni yeye, mwaka ambao kuni zilikuwa adimu kuliko chumvi. Mdomo mwembamba, ukuta wa tabaka mbili, na shingoni alama tatu za dole gumba. Vijiti vitatu viliivisha maharage ya watu wanane. Miaka miwili nyuma Mhandisi Mika alikuja kuliona, akiwa na futi, daftari na adabu nyingi. Alikula viazi, akanywa chai, akapima kila tundu. Alipiga picha hata zile alama za dole.

Mahali pamoja tu hakupaona: udongoni, kule bondeni. Kwa Washambaa ufinyanzi ni wa wanawake, na mwanamume hasogei udongo unapochimbwa, vyungu visije vikapasuka. Mika alicheka akasema mila hizi zitafanyiwa utafiti siku nyingine. Akasubiri barabarani, akitafuta mtandao. Kule chini wanawake walitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika mpaka vikawa unga, wakauchanganya na udongo mbichi, kipimo kimoja kwa vitatu. Mama yake Mwanahawa alikuwa akisema, chungu kilichokufa ndicho kinachokifundisha chungu kichanga kuvumilia moto.

Mwaka uliofuata jiko lilirudi na jina jipya. Lilifinyangwa Lukozi kwenye karakana, na wanaume, kwa kalibu za chuma. Hata alama tatu za dole zilichongwa kwenye kalibu. Kila jiko lilipachikwa kibati chenye namba ya vijisanduku vyeusi, na ukikimulika kwa simu sauti ya binti wa mjini inasema: "Jiko Kesho. Mbunifu: Mhandisi Mika. Jiko halali."

Siku ya nane tangu kuni zichukuliwe, Mwanahawa akiwa bado anapika kwa jirani yake Klara, ambaye Twaha hajamfikia, gari la mradi likasimama uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea, mtaalamu."

"Kazi, bibi." Mika alimpa fulana ya kijani iliyokunjwa, akakaa kwenye kigoda. "Tuna tatizo dogo. Majiko mengine yanapasuka tanurini. Eti kuna kitu mnachanganya kwenye udongo?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mwanahawa akalitazama jiko lake, baridi kama jiwe la mtoni.

"Nikuulize kwanza. Yule binti wa kwenye simu, hawezi kutaja na jina langu?"

Mika akatabasamu. "Mfumo una nafasi ya jina moja tu, bibi. Ila wewe tumekuandika kwenye orodha ya wanufaika."

"Wanufaika," Mwanahawa alirudia, kama anayeonja mboga isiyo na chumvi.

"Sasa, huo udongo?"

"Udongo ni udongo, baba. Chomeni kwa moto wa polepole tu, yatatulia."

Mika akaandika.

Na kweli yalitulia. Yalitoka tanurini mazima, mekundu, yanapendeza, yakagawiwa kijiji kizima. Mwanahawa hakuwa na haraka. Aliijua baridi ya Juni: ukungu unaoingia ndani bila hodi, jiko linalolala na unyevu, kisha asubuhi moto mkali na uji unaofurika. Paka hapigi kelele mlangoni mwa panya. Klara naye alipata lake, akalipangusa kwa kanga kila jioni. Mwanahawa alimpenda Klara. Hakumwambia.

Juni ikafika. Jumatatu jiko lilipasuka kwa Yudith, Alhamisi kwa Rukia. Jumamosi hiyo, sokoni, yakahesabiwa kumi na moja, na Mwanahawa akacheka mpaka akashika nguzo. "Jiko la kesho," alisema, "mbona leo limeshindwa?"

Jumapili Klara hakwenda kanisani. Jiko lake lilikuwa limegawanyika katikati kama embe, na sufuria ya uji ikammwagikia mguuni. Mwanahawa alimkuta amekaa kitandani, ngozi ya mguu imevuliwa kama soksi.

"Wazee walisema mwanamume asiguse udongo," Klara alisema, akiuma meno.

"Walisema," alijibu Mwanahawa. Akauosha ule mguu, kidole baada ya kidole.

Kwenye mkutano Mika alieleza kwamba akina mama hawakuyatumia majiko ipasavyo. Wangepewa semina. Majiko mapya yangekuja mradi ukipata awamu ya pili. Sheria ya kuni ilibaki palepale, na kila mama atunze kibati chake, maana kibati ndicho kibali.

Basi wakamjia Mwanahawa na matenga ya vigae kichwani, vibati vimefungwa kwenye pindo za kanga. "Tufinyangie, bi Mwanahawa." Akashuka nao udongoni. Majiko ya Mika aliyatwanga mwenyewe, mchi juu, mchi chini, mpaka yakawa unga. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kumpokea mchi.

Kila kibati alikipachika ndani kabisa ya tundu la majivu la jiko jipya. Anayetaka kukisoma shurti alale kifudifudi. Twaha alilala, mama zake wote wakimtazama, akatoka na nyusi nyeupe kama mzee wa miaka mia.

"Marahaba!" Mwanahawa alimwambia, na kicheko kikavuka bonde.

Lakini kutoka kwenye majivu sauti ya binti ilikuwa imeshasema: Mbunifu, Mhandisi Mika. Jiko halali.

Januari Twaha aliwagawia akina mama kalenda za mradi. Mika alikuwa amevaa suti, ameshika tuzo mkono mmoja na jiko mkono mwingine. Chini yake: Majiko mia nne na kumi na mawili. Yaliyovunjika tangu Julai: hakuna.

Klara alichechemea akaisogeza kalenda mwangani. "Hizi alama si za kalibu," alisema. "Si dole lako hili?"

Mwanahawa akaweka dole gumba juu ya picha. Kovu la kisu, kombo ya ukucha, vyote vilikuwa pale.

Nyuma yao uji ulianza kufurika. Klara aligeuka kuupunguzia moto.

"Uache," alisema Mwanahawa.

Uji ukapanda, ukavuka ukingo wa sufuria, ukashuka juu ya udongo uliokuwa mwekundu kwa moto. Akalikazia macho jiko. Miaka arobaini ya kufinyanga, na leo ndiyo mara ya kwanza kuomba lipasuke.

Likalia tsss, likabaki zima.