Mlinzi Aliyetazama Ndani

Sababu ya ugomvi ule wa nyumbani ilikuwepo, mjukuu wangu, tena pale juu ya mlango. Fundi rangi alipomaliza kupaka, alikirudisha kinyago cha mlinzi wa nyumba kikitazama ndani badala ya barabarani. Na mlinzi yule kazi yake ni moja tu, kumchukia aliye mbele yake. Mbele yake sasa tulikuwa sisi.

Basi chuki yake ikatuingia, baba yako na baba yako mkubwa hawasalimiani. Bibi yako akipakua, kila mtu anabeba sahani yake chumbani. Mwisho baba yako mkubwa akaanza kutoa kitanda, anahama.

"Nenda! Na kunguni wako!" baba yako akafoka.

"Kunguni ni wewe!"

Kitanda kikakwama mlangoni. Nikainua macho kuona kimenasa wapi, nikakutana na meno ya kile kinyago.

"Jamani, huyu anatukenulia sisi!"

Wakanishikia ngazi wote wawili, wamenuna vilevile, nikamgeuza.

"Chakula kinapoa!" bibi yako akaita.

Baba yako mkubwa akakaa kwenye ubavu wa kitanda chake. Baba yako akamsogezea sahani bila kumtazama, akakaa naye. Tukala.