Zamu ya Jailos Kizuizini Uyole

Katika juma la tatu la homa ya mafua, mwaka 1957, Jailos alikuwa amechoka hoi. Alikuwa dresa, yaani mganga msaidizi, peke yake kwenye kizuizi cha barabarani cha Uyole, na amri aliyopewa ilikuwa fupi: abiria wa basi wakae bandani siku tatu kabla ya kuingia Mbeya, magari ya watalii yenye cheti cha hoteli yapite, maana msimu wa wageni ni mmoja tu kwa mwaka. Utadhani mafua yamesoma shule na yanaheshimu vyeti.

Jumatatu basi la Iringa lilishusha watu kumi na mmoja. Kumi waliingia bandani. Sekela, mwanamke wa Kinyakyusa mwenye mtoto mchanga mgongoni, alibaki nje kwenye baridi kali ya Julai, ameupa mlango kisogo. Jailos, mtu wa Iringa, alimfokea kwa ukaidi wake. Sekela akamweleza polepole kwamba mle ndani yumo Mzee Asukile, baba mkwe wake, aliyeletwa na basi la jana yake, na kwao mkamwana hakai na mkwewe chini ya paa moja wala hamtazami usoni.

Pembeni kulikuwa na chumba cha bati chenye kitanda, kimejengwa kwa ajili ya mtalii atakayeugua. Jailos alipeleka ombi hotelini. Karani alijibu kuwa chumba ni cha wageni. Jailos angeweza kuvunja kufuli, lakini aliogopa kufukuzwa kazi.

Jua lilipoanza kuzama, mzee alitoka na blanketi lake.

"Dresa, mwite mama wa mtoto aingie," alisema. "Mle ndani joto limenizidi."

Uyole, mwezi Julai! Jailos alijua ni uongo, akaupokea kwa sababu ulimpunguzia kazi. Sekela akaingia na mtoto, mzee akajikunja nyuma ya banda, upande usio na dirisha.

Jumanne yalipita magari manne. Katika moja, mtalii alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Cheti alikuwa nacho. Jailos aliinua mti wa kizuizi, gari likapita.

Jumatano mzee aliwaka homa. Alhamisi asubuhi alikuwa amekata roho.

Jailos alisimama mlangoni pa banda akampa Sekela habari, akisubiri kilio au laana, na moyoni aliona anastahili vyote viwili. Sekela alijifunika khanga usoni.

"Bwana Dresa," aliuliza, "amelala upande gani, nisije nikapita mbele yake?"