Mfano wa Kuhamisha Hasira

Mfasiri wa kamusi ya saikolojia alikuwa hatulii kitini. Maana ya "kuhamisha hasira" alishaiandika: kumfokea asiye na kosa kwa sababu mwenye kosa humwezi. Mfano ndio uliokataa katakata kuja. Aliketi, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga.

Simu ikalia. Mhariri wake alimwambia kazi inachelewa, tena ni ovyo.

"Sawa, bosi," alijibu kwa sauti ya asali.

Alipokata simu alimgeukia mumewe, aliyekuwa akimenya viazi. "Na wewe! Viazi tu, makelele yote hayo?"

"Mama watoto, mfano si huo?" mume alisema. "Amekugombeza bosi, nagombezwa mimi pamoja na viazi vyangu."

Aibu ikamshika. Akampigia mhariri amweleze ukweli wake, liwalo na liwe.

"Nini tena?" mhariri alifoka.

Sauti ya asali ikamrudia. "Nilitaka kusema tu... sawa, bosi."

Akaiweka simu mezani taratibu, akageuka. Mumewe alikuwa ameshafika mlangoni, beseni la viazi mikononi, anakwenda kumenyea nje.