Vijidudu Wenye Ndoo

Jumatatu asubuhi mpimaji wa kiwanda cha sabuni alifungua kisahani cha maabara, akaanza kuhesabu. Vijidudu elfu moja walikuwa wameogeshwa sabuni mpya ya kuua vijidudu. Mia tisa tisini na tisa walikuwa chali. Mmoja alikaa ukingoni akijifuta mapovu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba."

Mpimaji aliandika idadi ya wafu. Fomu ya kampuni haikuwa na nafasi ya walio hai, naye hakuwa mtu wa kimbelembele, kwa hiyo akammwaga kwenye sinki kama alivyowamwaga wenzake waliopona wiki zilizopita. Lebo ilisema sabuni inaua karibu vijidudu wote. Kampuni ilijivunia sana ukweli wake.

Wafanyakazi walipewa sabuni bure. Nyumbani, mama mkwe wake, ambaye vya bure havimpiti, alikuwa na kidonda kisiginoni kutokana na kiatu cha kubana. Alikiosha kwa sabuni hiyo mara tano kwa siku, mpaka mguu ukanukia kama duka la manukato. Kidonda kikazidi kuchimba. Alimaliza vidonge, akaanzishiwa sindano.

Siku ya sindano ya saba daktari alifungua bandeji mbele ya mpimaji na mama mkwe. Vijidudu walikuwa wamejipanga safu, wamenenepa kama punje za mchele, wasafi ajabu. Kila dawa ilipoingia waliichota kwa ndoo na kuimwaga nje.

"Nani kawafundisha?" daktari aliuliza, akitafuta kalamu.

"Yule mama pale," walijibu kwa adabu. "Toka kwenye sinki lake tulimfuata nyumbani, na sabuni yake tulikuwa tunaitoa hivi hivi. Hata ndoo hatujabadilisha."

Mpimaji aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "si hawa ndio unaolipwa kuwaua?"

"Ndio, mama."

Daktari alinawa mikono kwa kipande cha sabuni ya kawaida, ile isiyomfundisha mtu chochote, akasema mguu utakatwa Alhamisi.

Mpimaji alipiga moyo konde, akaandika kurasa tatu na kumpelekea meneja. Meneja alisoma zote bila haraka. Alielewa kila neno, na hilo ndilo lililomuuma mpimaji zaidi. Alimshukuru, akamwagizia chai. Wiki iliyofuata kiwanda kilitoa chupa kubwa zaidi, yenye maandishi mekundu: KWA VIJIDUDU SUGU. Madukani watu walisukumana.

Mama mkwe alirudi nyumbani kwa magongo. Mpimaji alipiga magoti kumwomba radhi, akalia kwa kwikwi. Mama mkwe alimwacha alie, kisha akamfuta machozi kwa kiganja.

"Yameshapita," alisema. "Ila mguu huu uliobaki siuchezei. Kesho niletee ile ya maandishi mekundu."

Mpimaji alimletea chupa mbili.