Sili Aliyekimbia

Larisa aliijua desturi tangu utotoni: sili wa kwanza wa mwindaji haliwi na mwindaji. Humgawa wote kwa wazee, nyama, shahamu na ini, nao wakishakula ndipo anahesabiwa mwindaji. Wakikataa, ni kama hakwenda baharini.

Ndiyo maana alipomwona Shangazi Paraskeva amekunja mikono mbele ya sahani ya sili wake wa kwanza, moyo ulimshuka. Shangazi hakuwa ameonja sili tangu ile meli ya mafuta ipasuke, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hakuwa akiringa. Ukifukua mawe ya ufuo, weusi wa mafuta ulikuwa bado unachuruzika. Fisi-maji wanaochimba kome hapo walizidi kukonda na kufa, na kundi la nyangumi wauaji lililoizoea ghuba halikuonekana tena likiwa na mtoto. Wazee wengine walimtazama Shangazi. Asipokula, hawali.

Mjomba Makari, aliyemwazima Larisa bunduki, alikuwa akimsifu kwa sauti: risasi moja tu, na sili katulia juu ya mwamba anamwangalia. Ndivyo Larisa mwenyewe alivyosimulia gatini, mbele ya binamu zake wanaume.

"Anakuangalia?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, Shangazi. Katulia tuli."

Shangazi akaisukuma sahani. Akasema mwaka ule wa mafuta sili walikuwa hivyo hivyo, macho yamelegea, wanasogelea mashua kama mbwa wa nyumbani. Waliopasuliwa walikutwa ubongo umeharibika.

"Sili mzima hamngoji mtu, mwanangu. Huyo kamzikeni."

Uso wa Larisa ukawaka. Binamu zake walikuwa wamejipanga mlangoni, masikio wazi.

"Nilidanganya," akasema. "Hakutulia hata kidogo. Kanizungusha asubuhi nzima huyo. Nampiga namkosa, anazama, anaibukia nyuma yangu. Nimemtukana mpaka sauti imekauka. Risasi nyingine imetoboa ndoo."

"Ndoo yangu!" Zakhari, binamu mkubwa, akadakia. "Na we ukaniambia imeoza kitako."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Makari akajifuta machozi, akasema angejua asingemwazima hata manati. Shangazi peke yake hakucheka.

"Alikimbia kweli?"

"Kama mwizi, Shangazi."

Paraskeva akaivuta sahani. Akakata kipande cha ini, akakitia kinywani, akatafuna taratibu huku amefumba macho. Alipomeza, akanyoosha sahani aongezwe, akamgombeza Makari kwa kuing'ang'ania chumvi. Wazee wengine wakaanza kuchota.

Larisa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, na harufu ya ini ilimtesa. Hakuruhusiwa hata kulamba kidole. Akaegemea ukuta, tumbo likinguruma, binamu zake wakimwita mtoboa ndoo, na pumzi aliyokuwa ameibana tangu adanganye gatini ikamtoka yote.